Jina Lisigeuke Hina

Katika mwandiko wa Kiarabu, ambao wazee wetu wa pwani waliutumia kuandikia Kiswahili kwa karne nyingi kabla ya herufi za Kirumi kutufikia, nukta si pambo. Iondoe nukta moja iliyo chini ya jimu, herufi hiyo inakuwa ha, na neno jina linasomeka hina. Iongeze pahala isipostahiki, na haji aliyerudi Makka salama anageuka jaji. Baba, nukta zake zikipanda kutoka chini kwenda juu, anakuwa nana. Ra na zayi, sini na shini, ayni na ghayni, wote hawa ni ndugu waliozaliwa na sura moja wakatengwa na nukta. Aliyewahi kuketi na waraka wa zamani uliolika na mchwa anajua kwamba saa nzima yaweza kupita katika kuamua kama kidoa fulani kimetoka kwenye kalamu ya mwandishi au kimeachwa na inzi.

Nimetanguliza habari hii ili msomaji asistaajabu akiona mtu wa mashairi anaandika juu ya mashine. Ninayotaka kuyaeleza ni maradhi ya vichwa vya printa kubwa ya UV, ile inayochapa moja kwa moja juu ya ubao, kioo, bati na plastiki, na namna maradhi hayo yanavyopaswa kupimwa kabla ya mtu kuhukumiwa kwayo. Printa hiyo nayo haijui herufi wala picha. Inajua nukta tu.

Chapa si ngeni Unguja. Sayyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, alileta mtambo wa kuchapia vitabu kwa herufi za Kiarabu, na wamishionari wa UMCA nao walikuwa na chapa yao ya herufi za Kirumi, iliyoendeshwa na Edward Steere aliyefika kisiwani mwaka 1864. Katika mitambo hiyo herufi ilikuwa kitu cha kushikwa kwa mkono. Ikivunjika, fundi aliiona imevunjika, akaitupa, akatia nyingine. Ubaya wa printa za leo ni kwamba kinachoandika hakionekani kwa macho. Kosa linaonekana kwenye ubao, lakini mahali lilikozaliwa pamefichika, na pale palipofichika ndipo watu hupenda kutupa lawama.

Mimi sikusoma chuo kikuu. Arudhi niliipata barazani kwa wazee, na Kiingereza nilikipata kwenye kamusi mbili zilizokwisha majalada. Ushairi haukuwahi kunilisha; kilichonilisha ni tafsiri za hati za mikataba, maelezo ya dawa, na vitabu vya mashine. Ndiyo maana kiwanda kimoja cha chapa mjini kiliniita kwa kazi mbili kwa pamoja. Ya kwanza ilikuwa kukifasiri kitabu cha maelekezo ya printa yao, kilichoandikwa kwa Kiingereza kigumu ambacho chenyewe kilikuwa tafsiri ya Kichina. Ya pili ilikuwa kusahihisha mbao 12 zilizokuwa zichapwe kwa mwandiko wa Kiarabu.

Mbao hizo zilikuwa za utenzi wa bibi mmoja, marehemu, aliomtungia binti yake siku chache kabla ya arusi. Akina mama wengi wa pwani wametunga hivyo, wakifuata nyayo za Mwana Kupona, aliyemtungia bintiye yapata mwaka 1858. Beti zilikuwa 84, saba kwa kila ubao, na wajukuu walitaka ziwekwe katika ukumbi mpya wa chuo uliokuwa ufunguliwe wiki ya Maulidi. Katika ubao wa mwisho, kama ilivyo ada ya watunzi, bibi alikuwa amelitaja jina lake na la baba yake. Waraka wenyewe ulikuwa unamung'unyuka mikononi. Familia haikuwa na maandishi mengine yoyote yenye jina la bibi huyo kwa mkono wake.

Mbao nne za mwanzo zilitoka safi. Katika ya tano niliona mstari mweupe, mwembamba kama uzi, umekatiza beti mbili kwa upana. Tulikuwa tumechagua mwendo wa kasi, kichwa kikipita mara chache juu ya kila mahali, na kwa hiyo uzi ule ulitosha kuzifuta nukta zote zilizoangukia njiani mwake. Nikasoma kwa sauti, na binti aliyekuwa akiusiwa kulitunza jina lake alikuwa sasa anausiwa kuitunza hina.

Tajiri wa kiwanda alikuja, akautazama ubao, akasema, "Maalim, kichwa kimekufa. Na huyu kijana ndiye aliyekiua."

Kijana fundi, wa miaka ishirini na kidogo, alikuwa amekisafisha kichwa usiku uliotangulia kama alivyoagizwa. Bei ya kichwa kipya ilikuwa sawa na mshahara wake wa miezi mingi. Jioni ile ile jina lake liliandikwa katika daftari la malipo, na mbele yake kiasi cha kukatwa kila mwezi. Aliniuliza, "Maalim, kitabu chako kinasemaje?"

Kitabu kilisema mengi, na yafuatayo ndiyo niliyoyafahamu kwake na kwa kumwuliza kijana mwenyewe. Kichwa cha kuchapia ni kitu kinachokaa kiganjani. Chini yake pana bamba laini lenye mamia ya matundu, na katika baadhi ya vichwa hupita elfu, kila tundu likiwa jembamba kuliko unywele. Nyuma ya kila tundu pana chemba ndogo ya wino yenye ukuta unaojikunja ukipitishiwa umeme. Ukijikunja, tone hutoka. Hujikunja mara elfu nyingi kwa sekunde moja. Wino wenyewe haukauki kwa hewa kama wino wa kalamu. Hukaa majimaji mpaka umulikwe na mwanga wa urujuanimno, ule usioonekana kwa jicho, na hapo huganda papo hapo. Kwa hiyo taa husafiri sambamba na kichwa, ikigandisha matone punde tu yanapotua.

Ili wino usidondoke wenyewe, printa huuvuta juu kidogo kwa mvuto hafifu wa hewa. Mvuto ukipungua, wino hutiririka na rangi huchanganyika kwenye bamba. Ukizidi, hewa huingia matunduni na tone halitoki. Kati ya tangi na kichwa pana kikopo kidogo chenye chujio, mafundi hukiita dampa, ambacho kazi yake ni kuutuliza wino na kuzuia taka. Msomaji aone basi kwamba kati ya tangi na nukta pana vituo vingi, na kwamba nukta ikikosekana, kichwa ni mmoja tu wa washitakiwa.

Kipimo cha kwanza ni karatasi ya majaribio. Printa huamrishwa kuchora vistari vifupi, kila tundu kistari chake, vikapangika kama ngazi. Penye tundu lisilotoa huonekana pengo. Watu wengi huichapa karatasi hiyo mara moja, huona mapengo, na mara husafisha. Wakisafisha huharibu ushahidi. Kitabu kiliagiza karatasi tatu mfululizo bila kusafisha katikati, na sababu yake inafahamika. Pengo linalobaki mahali pale pale katika karatasi zote tatu linatokana na tundu lililozibwa au lililoharibika. Mapengo yanayohamahama ni dalili ya hewa au ya wino usiofika. Likikosekana fungu zima, kwa mfano nusu ya safu kamili iliyokatika kama kwa kisu, shaka kubwa huelekea kwenye umeme: utepe wa waya, kiungo chake, au bodi inayotoa amri. Vistari vikitoka vyote lakini vingine vimepinda, basi matundu yako wazi ila mdomoni pana uchafu, mara nyingi unyuzi wa kitambaa.

Tukachapa karatasi tatu. Karatasi ya kwanza ilikuwa na mapengo kama 40 ya wino mweusi, yaliyokusanyika pamoja. Katika ya pili yalikuwa mengi zaidi na yamesogea. Ya tatu ilizidi. Tukaiacha printa robo saa, kisha tukachapa ya nne. Mapengo yalikuwa yamebaki machache. Tukaiamuru ichape kipande kizima cheusi, na yakarudi kwa wingi.

Hapa ndipo kazi yangu ya tafsiri ilipoingia. Kitabu kilikuwa na neno moja kwa tundu lisilotoa wino, neno lile lile linalotumika kwa mtu aliyekufa. Na kilikuwa na neno jingine, lenye maana ya njaa kali, kwa kichwa kinachochapa kwa kasi kuliko wino unavyokifikia. Hili la pili nililifasiri kama lilivyo: kichwa kina njaa. Mafundi walilipenda mara moja, kwani linaeleza kila kitu: mwenye njaa akipumzika hupata nguvu kidogo, akirudishwa kazini huanguka tena. Lakini la kwanza nilikataa kulifasiri kwa kufa. Niliandika tundu lisilojibu. Maiti haipimwi tena. Huzikwa, na pakiwapo mtuhumiwa, hushikwa. Kinachokaa kimya bado chaweza kuulizwa. Tajiri alipolitamka lile neno la kufa mbele ya watu, alikuwa ameshamaliza uchunguzi kabla hajauanza.

Kichwa chetu hakikuwa maiti, kilikuwa na njaa. Hata hivyo kijana alitaka umeme nao ukaguliwe, ili asije mtu akasema kesho kwamba tumeuruka. Tuliizima printa kabisa, tukaichomoa ukutani, tukangoja. Jambo hili lisipuuzwe, kwa kuwa utepe wa waya ukichomolewa au kuchomekwa umeme ungalimo, au ukiwa na tone la wino, huweza kuunguza kichwa na bodi kwa pamoja. Utepe ulikuwa mkavu na safi. Kama shaka ingebaki, kipo kipimo kingine, cha kubadilishana waya baina ya vichwa viwili vya aina moja. Ubovu ukihama pamoja na waya, basi umo kwenye waya au bodi. Ukibaki ulipo, umo kichwani. Hatukukihitaji.

Tukaifungua dampa ya wino mweusi. Chujio lake lilikuwa limevaa utando mzito kama maziwa yaliyoganda. Kitabu cha matengenezo cha kiwanda kilikuwa na safu ya kuandikia tarehe ya kubadilisha dampa, na safu hiyo ilikuwa nyeupe tangu printa ilipofika. Kijana hakuwahi kuigusa dampa ile, wala hakuna aliyemwagiza. Dampa mpya ilikuwamo kabatini, katika pakiti yake, imekuja pamoja na printa. Tukaifunga, tukauvuta wino polepole mpaka kiputo cha mwisho kikatoka mrijani, tukachapa karatasi ya majaribio. Kati ya mapengo 40 na zaidi yalibaki matatu.

Tajiri alipoyaona hayo matatu alisema, "Haya basi, hayo matatu ni yake."

Matatu hayo yalikuwa hayahami. Karatasi ya kwanza, ya pili, ya tano: pale pale. Hii maana yake yamezibwa. Swali likawa yamezibwa na nini. Wino wa UV hauzibi tundu kwa kukaushwa na hewa ya usiku mmoja, huziba ukimulikwa. Mwanga unaotakiwa kuangukia ubao ukipata kitu king'aavu hurudi juu na kulipiga bamba la matundu, na wino ulio mdomoni huganda hapo hapo. Kioo cha kujitazamia ndicho kibaya kuliko vyote, kisha bati lililosuguliwa. Hata jua la dirishani huweza kufanya kazi hiyo taratibu. Kijana akafungua daftari la kazi. Siku sita kabla ya ubao wetu wa tano, printa ile ilichapa vioo vya kujitazamia vya hoteli moja, siku nzima, taa zikiwa zimefunguliwa kwa nguvu zake zote. Mwenye kuipokea kazi hiyo na kuamuru taa zisipunguzwe alikuwa tajiri mwenyewe, na mwandiko wa daftarini ulikuwa wake.

Sikusema neno, wala kijana. Daftari lilikuwa wazi juu ya meza.

Tulikisafisha kichwa kwa namna kitabu kilivyoagiza. Dawa ni ile ya mwenye kuutengeneza wino, si asetoni wala kiowevu chochote kinachopatikana dukani, kwa sababu vingine hula gundi iliyokishikilia kichwa. Kitambaa kisichotoa nyuzi hulowanishwa, kikawekwa chini ya bamba, kikaachwa hapo kwa dakika kadhaa ili dawa ilainishe kilichoganda. Hakisuguliwi. Bamba lina ngozi nyembamba inayoufanya wino usishikamane nalo, na ngozi hiyo ikichubuliwa hairudi. Wapo wanaolisukuma tundu kwa bomba la sindano. Nguvu ya mkono wa mtu ni kubwa mno kwa chemba zile, na hapo ndipo kichwa kizima hupasuka ndani. Tulivaa glavu, kwani wino huu usiogandishwa hudhuru ngozi, na wapo ambao hauwaachi tena baada ya kuwashika mara moja. Baada ya mara ya tatu, matundu mawili yalijibu. Moja halikujibu, na mpaka leo halijajibu.

Hapa nataka niseme jambo ambalo mafundi wengi hawalisemi. Tundu moja lisilojibu si sababu ya kununua kichwa. Printa hizi huweza kuamrishwa zipite juu ya mahali pamoja mara nne, mara nane au zaidi, na kila mapito, matundu mengine huangukia pale lilipokosa mwenzao. Gharama yake ni muda. Tulizichapa mbao nane zilizobaki, ukiwamo ule wa tano kwa mara ya pili, kwa mapito mengi na mwendo wa kobe. Kazi ambayo ingekwisha kwa mchana mmoja ilichukua siku mbili na usiku wake. Kila ubao ulipotoka niliusoma kwa sauti, kijana akifuatisha kwa kidole juu ya waraka wa asili ulio ndani ya plastiki. Ubao wa 12 tuliusoma mara tatu. Nukta za jina la bibi zilikuwa kamili, na la baba yake pia.

Usiku wa pili umeme ulikatika. Sisi wa kisiwa hiki hatuhitaji kukumbushwa. Mwaka 2008 tulikaa karibu mwezi mzima gizani, na tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010 tukakaa takriban miezi mitatu. Kwa printa ya namna hii, umeme kukatika katikati ya kazi ni hatari ya peke yake. Kichwa hubaki nje ya kifuniko chake, na pampu inayouvuta wino juu ikisimama, wino hushuka wenyewe. Betri ya akiba ilitupa dakika za kutosha kukirudisha kichwa mahali pake na kukifunika. Kijana alifanya hayo kabla sijapata tochi. Huyu ndiye aliyesemwa kuwa muuaji wa vichwa.

Kabla ya kuondoka niliulizwa niandike ukurasa mmoja wa kubandikwa ukutani, kwa Kiswahili kinachosomeka na mtu aliyesimama. Niliandika kwamba karatasi ya majaribio ichapwe kila asubuhi, iandikwe tarehe, itunzwe. Kwamba zichapwe tatu kabla ya kusafisha. Kwamba wino mweupe utikiswe kila siku, kwa kuwa rangi yake ni nzito na hutuama chini kama mchanga. Kwamba ubao uliopinda usiingizwe, kwani ukikigonga kichwa hukwaruza bamba. Kwamba mistari ikionekana kwenye kazi lakini karatasi ya majaribio ni kamili, kichwa kiachwe, uangaliwe ule utepe wa kupimia mwendo, pengine umeshika vumbi. Kwamba vioo vya kujitazamia vikija, taa zipunguzwe na aliyeipokea kazi aandikwe jina. Na la mwisho, kwamba neno kufa lisitumike kwa kitu chochote mpaka vipimo vyote viwe vimekwisha.

Tajiri aliusoma ukurasa huo akiwa amesimama, akachukua kalamu. Nilidhani atalifuta lile sharti la mwisho. Alilifungua daftari la malipo, akaupiga mstari mmoja juu ya kiasi kilichoandikwa mbele ya jina la kijana, akalifunga. Hakuomba radhi wala hakuulizwa.

Mbao ziko ukumbini sasa. Ukutani mwa kiwanda, kando ya ukurasa wangu, kijana amebandika karatasi ya majaribio ya siku ile, ameizungushia duara nyekundu mahali pamoja, na chini yake ameandika kwa mkono wake: safu ya pili, tundu moja, halijibu, sababu ni vioo.